Msoma Mita

Siku ya pili ya mwezi natwaa ndoano na tochi,
nafunua vifuniko vya chuma kando ya njia,
nainama.
Magoti yangu yanaujua mji huu kuliko macho.

Garnet Fork: milima miwili, na sisi katikati,
kama risiti iliyosahaulika ndani ya kitabu.
Jua hutufikia saa nne;
saa tisa limeshaaga, halikuja kuketi.
Saa tisa hiyo hiyo, zamani, king'ora cha mgodi kililia,
zamu ikatoka, na akina mama wakaanza kuhesabu kofia.
King'ora kimeng'olewa mwaka wa kumi na nne sasa.
Bado, ikigonga saa tisa, Lonzo kinyozi
huusimamisha mkasi hewani,
kidogo tu,
kisha hukata.

Mtaa wa Juu: nyumba kumi na tisa za kampuni,
zilizaliwa siku moja, kimo kimoja, kibaraza kimoja.
Mita sita tu ndizo zinazozunguka.
Mita haina adabu ya kuficha.
Inaniambia Vesta Szabo amerudiwa na mwanawe kutoka Ohio,
galoni mia tisa zaidi, na hamwambii mtu kwa nini karudi.
Inaniambia kijana wa Yates anaoga usiku wa manane
akitoka zamu kule gerezani,
gereza lililojengwa juu ya mlima tulioukata kichwa.
Nasema tulioukata:
mkono wa baba ulikuwamo, na ada yangu ya shule.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Mji nao unavuja, familia moja kila kiangazi,
lori la kukodi, godoro juu, mbwa dirishani.
Nafuu ya nani, basi?
Na mchukuzi mwenyewe ni nani?

Maji haya ninayoyapima,
sijakuambia yanakotoka.
Walipoufunga Mgodi Namba Sita walizima pampu,
na mlima ukajijaza wenyewe, chumba kwa chumba,
reli, nguzo, visanduku vya chakula vilivyoachwa.
Kisha manispaa ikatoboa, ikateremsha bomba,
ikaonja, ikasema: mazuri.
Baba aliingia mgodini miaka thelathini na mmoja.
Sasa mgodi unaingia ndani yetu,
kwa birika, kwa ndoo ya kudeki, kwa ubatizo wa Jumapili.
Yeye alikufa akitafuta pumzi kama mtu anayetafuta miwani,
akipapasa, akikasirika,
na miwani ipo usoni.

Mwezi wa nane nilifika namba kumi na nne.
Icie Stiltner tulimzika Juni. Umeme umekatwa,
barua zimefurika sandukuni. Lakini mita inakimbia.
Nikadhani bomba limepasuka. Nikazunguka nyuma.

Arvil Ratliff, miaka themanini na miwili,
mrija wa oksijeni puani, mtungi kwenye kigari cha sokoni,
mpira wa maji mkononi, anamwagilia nyanya.
Hawakusemezana, yeye na nyumba ile, tangu mgomo mkubwa:
mume wa Icie alivuka mstari, Arvil hakuvuka.
Alinitazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.
"Nyanya," alisema, akavuta pumzi, akaingoja ya pili,
"hazikuvuka mstari wa mtu."

Akachuma moja, akanipa. Ilikuwa na joto bado.
Niliila pale pale, bila chumvi,
maji yakinitiririka hadi kiwikoni,
maji yale yale.

Kitabuni kuna nafasi ya maelezo, fupi kuliko kidole.
Niliandika: inavuja kidogo.
Itazamwe mwezi ujao.